Picha Zile Zile, Mkasi Mwingine

(Haya ni maneno niliyowaambia watu jioni tulipokutana kuangalia Msiba wa Japani, filamu ya Mjapani Kamei Fumio. Nimeyaandika jinsi yalivyotoka mdomoni, sehemu mbili tatu nimeongeza vitu nilivyovisahau kwasababu muda ulikuwa umeenda.)

Wazee wangu shikamooni, ndugu zangu na vijana habari za jioni, asanteni kwa kuja na mvua hii.

Mimi kazi yangu ni kukata picha. Edita. Nimekaa mbele ya mashine miaka mingi, kwaiyo nikisimama hapa siongei kama mwanahistoria, naongea kama fundi anayeangalia kazi ya fundi mwenzake. Na huyu fundi mwenzangu ni Mjapani, alizaliwa 1908 mkoa wa Fukushima, akafariki 1987, na ndani ya miaka saba tu alizuiliwa filamu mbili, moja ilizuiwa na Japani ya wakati wa vita na nyingine ikazuiwa na Wamarekani walioishinda Japani hiyo hiyo. Yaani watu waliokuwa wanauana kwa mabomu wamekuja kukubaliana kwenye jambo moja, kwamba huyu bwana picha zake zisionekane. Tangu nilipolijua hili jambo halijaniacha, ndo maana nimewaita.

Lakini nianze na babu yangu mzaa mama, maana bila yeye nisingejua kama Japani inanihusu mimi. Babu aliingia Keya, lile jeshi la Waingereza la Waafrika wa huku kwetu, akiwa kijana mdogo, wakampeleka Bama, yaani Burma, kupigana na Wajapani. Kwenye sanduku lake la bati alikuwa ametunza kitambaa chenye kichwa cha kifaru, ile alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ndo hiyo iliyoshuka bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye mvua za kule, matope mpaka magotini, malaria na kuhara vinaangusha watu. Babu hakuwa anapenda kuongelea mapigano. Alichokuwa anakirudia ni maiti. Alisema Wajapani waliowakuta njiani wengi hawakuwa hata na jeraha, walikuwa wamekonda mifupa mitupu, wamekaa chini ya miti kama watu wanaopumzika, kumbe wamekufa njaa. Siku moja nikamuuliza, babu sasa walifuata nini huko mbali na kwao? Akaniambia hata mimi nilijiuliza hivyo hivyo, na wao wangekuwa hai wangeniuliza mimi.

Na sio babu peke yake. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo, ndani kuna askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, kuna mabaharia, kuna wauguzi wanawake, watu zaidi ya 1,500. Tarehe 12 karibu na visiwa vya Maldivi nyambizi ya Kijapani ikaipiga, ikazama kwa dakika mbili hivi, wakafa karibu watu 1,300. Vijana wetu wengi wamelala kwenye maji yale mpaka leo. Kwaiyo tukiangalia filamu inayouliza Japani ilifikaje kwenye vita, tusikae kama wageni, lile swali la babu ndo hilo.

Sasa turudi kwa Kamei.

Alipokuwa kijana alikwenda Urusi, Leningrad, akasomea sinema. Warusi wakati ule walikuwa ndo walimu wa dunia kwenye kukata picha, walikuwa wanafundisha kwamba picha ya kwanza ina maana yake na ya pili ina maana yake, lakini ukiziweka pamoja inazaliwa maana ya tatu ambayo haipo kwenye yoyote kati ya zile mbili. Hili sisi mafundi tunaliishi kila siku. Ukiweka uso wa mtu, alafu ukaweka sahani ya wali, watu wataona njaa. Uso ule ule ukauweka mbele ya jeneza wataona majonzi, na yule mtu wala hajabadilisha hata nyusi.

Akarudi Japani akaingia kwenye kampuni iliyokuja kuwa Toho. Na niseme ukweli, mimi simletei hapa kama malaika. Mwaka 1938 alitengeneza filamu ya Shanghai, jeshi la Japani lilikuwa limeshauteka ule mji na filamu ilitengenezwa kwa msaada wa jeshi hilo hilo. Yeye hata hakwenda, aliyekwenda na kamera ni Miki Shigeru, Kamei akabaki Tokyo anapokea mikanda na kuikata. Ni filamu ya propaganda, ukiitazama harakaharaka huoni tatizo. Lakini ndani yake wanajeshi wakipita barabarani kwa ushindi yeye anakuachia nyuso za Wachina waliosimama pembeni, hawashangilii, wanaangalia tu, na anakuachia uziangalie kwa muda wa kutosha mpaka unaanza kujisikia vibaya. Edita mwingine angezikata. Pale ndo nilianza kumpenda huyu mtu.

Mwaka huo huo wa 1938 akaenda mwenyewe na Miki kufuata jeshi kwenye mapigano ya Wuhan, huko huko China. Mwaka 1939 ikatoka mkononi mwao Tatakau Heitai, maana yake Askari Wanaopigana. Naombeni mnivumilie hapa kidogo maana nataka niwaonyeshe kitu kimoja kwa karibu.

Kuna farasi. Jeshi linasonga mbele, na huyu farasi anaumwa, hawezi tena kwenda, wamemwacha barabarani. Hakuna msimulizi anayekuambia chochote, filamu nzima haina ile sauti ya kukupangia cha kufikiri. Farasi amesimama peke yake, nyuma yake ni nchi tambarare, kichwa kimeinama. Miguu inaanza kutetemeka. Unasubiri. Anajaribu kujishikilia, alafu magoti yanakunjika, anashuka taratibu mpaka chini, na kamera haijaondoka. Basi. Hakuna damu, hakuna risasi. Kwenye filamu inayotakiwa kuwapa watu moyo wa vita yule farasi anasema mambo yote ambayo hakuna binadamu aliyeruhusiwa kuyasema Japani mwaka ule. Na kabla ya farasi kuna mzee wa Kichina ambaye nyumba yake imeungua, kuna familia zinatembea na mizigo, kuna askari wamelala chini wamechoka mpaka huwezi kujua nani amelala na nani amekufa.

Wakubwa walipoiona inasemekana walisema hawa sio askari wanaopigana, hawa ni askari waliochoka. Ikazuiwa, haikuoneshwa. Kwa miaka mingi ilidhaniwa imepotea kabisa mpaka nakala ikaja kupatikana 1975. Na mwaka ule ule wa 1939 ikatoka Sheria ya Filamu, kwamba huwezi kuwa mwongozaji bila leseni, na kila ukumbi wa sinema ni lazima uonyeshe habari zilizoidhinishwa. Kampuni za habari za sinema zikaunganishwa zikawa kampuni moja ili picha zote za vita zipite mlango mmoja. Oktoba 1941 Kamei akakamatwa chini ya sheria ya kulinda usalama, ile ya 1925, akawekwa ndani, akanyang'anywa leseni. Nyie mnaofanya kazi ya kamera jiulizeni maana ya kunyang'anywa leseni ya macho.

Miezi miwili baadaye Japani ikapiga Pearl Harbor, kambi ya meli za kivita za Marekani.

Kilichofuata mnakijua, sitakaa sana hapo. Juni 1942 huko Midway jeshi la majini la Japani lilipoteza meli 4 za kubeba ndege, nyumbani wananchi wakatangaziwa ushindi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 1945 ndege za Marekani zilichoma Tokyo kwa mabomu ya moto wakafa watu kama laki moja kwa usiku mmoja. Hiroshima tarehe 6 Agosti, Nagasaki tarehe 9. Tarehe 15 mfalme akaongea redioni, wengi ndo walikuwa wanaisikia sauti yake kwa mara ya kwanza maishani, vita vimekwisha.

Sasa ndugu zangu hebu jiwekeni pale. Mtu umepoteza mtoto, nyumba imeungua, chakula hakuna, na miaka yote kumi na zaidi umekuwa ukienda sinema unaonyeshwa bendera na kushangilia. Ghafla unaambiwa yote ilikuwa bure. Unataka mtu akuelezee, ilikuwaje?

Kamei akataka kuelezea. Alikuwa pale Nichiei, ile ile kampuni moja ya habari, na aliyekuwa anasimamia uzalishaji ni Iwasaki Akira, mwandishi na mchambuzi wa sinema ambaye naye alishawahi kufungwa kwasababu ya kuipinga ile Sheria ya Filamu. Ofisa wa Kimarekani aliyekuwa anashughulika na sinema, David Conde, aliwasukuma waifanye. Wakaitengeneza mwaka 1946, dakika 40 hivi, wakaiita Nihon no Higeki. Msiba wa Japani.

Na hapa ndo fundi ndani yangu anasimama wima. Ile filamu karibu yote imetengenezwa kwa mikanda ya habari ya wakati wa vita! Hakwenda kutafuta siri. Alichukua picha ambazo kila Mjapani alishaziona, zilizopigwa kwa ajili ya kusifia vita, akazipanga upya. Anaanzia Manchuria, kaskazini mashariki ya China, 1931, pale maofisa wa jeshi la Japani lenyewe walipolipua kipande cha reli wakawasingizia Wachina ili wapate sababu ya kuingia, anakwenda mpaka vita vya China vya 1937, mpaka Pasifiki. Anawaonyesha majenerali, anawaonyesha wenye makampuni makubwa waliokuwa wanatafuta masoko na madini, anaweka tangazo la ushindi kisha pembeni yake anaweka ukweli. Wale wale waliopunga mkono kwenye mkanda wa zamani ukaona mashujaa, sasa ukiwaangalia unaona watu wanaowapeleka watoto wako machinjioni.

Sitaficha kwamba filamu ina kosa. Inatumia waraka mmoja unaoitwa Waraka wa Tanaka, eti mpango wa Japani wa kuiteka dunia, na leo wanahistoria wengi wanaamini ule waraka ulighushiwa. Kamei aliuamini, watu wengi wakati ule waliuamini. Mimi inaniuma kwasababu hakuuhitaji. Alichokuwa nacho mkononi kilikuwa kinatosha, vita havikuhitaji mpango mmoja wa siri, vilikuja hatua kwa hatua mchana kweupe, kila hatua na shangwe zake.

Lakini picha iliyofanya ile filamu izuiwe ni nyingine. Ni ya mfalme Hirohito. Anaonekana amesimama kwa magwanda ya kijeshi, amiri jeshi mkuu, nishani kifuani. Picha inatulia. Alafu taratibu sana inaanza kuyeyuka, na ndani yake inachomoza picha nyingine, mtu yule yule, amesimama vile vile, sasa amevaa suti na tai kama mjomba wako anaenda ofisini, mabega yameinama kidogo. Nishani zinafifia juu ya koti. Kwa sekunde chache yupo kwenye nguo zote mbili kwa pamoja.

Sekunde chache, na hakuna neno la matusi hata moja. Ila kila aliyekaa ukumbini alielewa anachoulizwa, huyu aliyebadilisha nguo ndo amekuwa mtu mwingine?

Mwaka ule lile lilikuwa swali la hatari kweli kweli. Kesi ya Tokyo ya wakubwa wa vita ilikuwa imeshaanza, Tojo, waziri mkuu wa wakati wa vita, yupo kizimbani, mfalme hayupo, maana MacArthur, jenerali wa Kimarekani aliyekuwa anaisimamia Japani, alikuwa ameamua kwamba anamhitaji mfalme ili nchi itawalike kwa utulivu. Mwezi Mei watu kwa maelfu walikuwa wameandamana mpaka mbele ya jumba la mfalme wakidai mchele, na MacArthur akawaonya hadharani. Filamu ilikuwa imeshapita kwa wakaguzi wa Kimarekani ikapata kibali, ikaanza kuonyeshwa sehemu chache, ingawa makampuni makubwa ya kumbi yaliikataa. Mwanzoni mwa Agosti 1946 waziri mkuu Yoshida Shigeru akaonyeshwa. Akakasirika. Akapeleka malalamiko kwa Wamarekani, na watu wa ujasusi wa jenerali Willoughby wakakubaliana naye, kibali kikafutwa, nakala zikakusanywa. Sababu iliyotolewa ni kwamba jinsi mfalme alivyooneshwa inaweza kuleta fujo.

Huyu Yoshida ananisumbua kuliko wote, nawaambia ukweli. Sio mtu wa jeshi. Mwaka 1945 alikamatwa na polisi wa kijeshi wa Japani akawekwa ndani wiki kadhaa kwasababu alikuwa kwenye kundi la waliotaka vita viishe. Yaani alionja. Aliwajua wale watu kwa kukaa kwenye chumba chao. Na bado, mwaka mmoja tu umepita, anakaa mbele ya skrini anaona swali lile na anachofikiria ni lifutwe. Na wakati huo huo bunge la nchi yake lilikuwa linajadili katiba mpya, ile yenye kifungu cha 9 cha kuacha vita na kifungu cha 21 kinachosema hakuna kukagua maneno ya watu. Vyote viwili, mwezi mmoja, mji mmoja.

Iwasaki naye haikuisha salama. Baada ya hapo alivamiwa nyumbani kwake na mtu wa wale wenye msimamo mkali wa kumtetea mfalme, akakatwa usoni. Ila kuna jambo lingine la Iwasaki ambalo nataka mlibebe. Wapigapicha wa Nichiei walikuwa wamekwenda Hiroshima na Nagasaki baada ya bomu wakapiga picha za majeruhi, za magofu, za vivuli vilivyobaki ukutani. Wamarekani wakachukua mikanda yote ikapelekwa Marekani. Yote isipokuwa nakala moja, kwasababu Iwasaki na wenzake waliificha juu ya dari. Walijua wakikamatwa ni jela. Japani ilirudishiwa nakala na Marekani mwaka 1967. Kwa miaka watu waliopigwa na bomu hawakuweza kuona picha za yaliyowapata wao wenyewe, na kuna wanaume wachache walikuwa wanajua kuna dari fulani ina kitu.

Kijana mmoja pale nyuma aliniuliza kabla hatujaanza, mzee haya mambo ya Japani ya zamani sisi tunayafanyia nini. Nilimwambia nitamjibu mwishoni na jibu langu sio zuri.

Miaka ya nyuma nilikuwa nafanya kazi kwenye kituo kimoja cha televisheni. Zikarudi maiti za askari waliokufa nje ya nchi. Wapigapicha wetu wakaleta mikanda ya uwanjani, gwaride, majeneza yenye bendera, viongozi, saluti. Na kwenye mkanda mmoja kulikuwa na mama. Amekaa kwenye kiti cha plastiki, kanga yake moja imeanguka chini na hajui, kwenye mapaja ameshika kiatu. Kiatu kimoja tu cha mwanaume, cheusi, kimepigwa rangi. Halii. Anakipitishia kidole gumba kwenye kisigino, anakifuta vumbi ambalo halipo, anafuta, anafuta. Mpigapicha alikaa naye kama sekunde 40. Sijui kile kiatu alikuja nacho kufanya nini, labda alidhani mtoto atazikwa nacho.

Niliiweka baada ya saluti. Saluti, kisha mama. Mnaelewa kilichozaliwa pale katikati.

Msimamizi alipopita akaangalia akasema hiyo toa, inavunja moyo watu, weka saluti nyingine. Hakunifokea. Hakunitishia kufungwa, hakuna aliyenyang'anya leseni yangu, hakuna jenerali aliyepiga simu. Aliniambia tu toa na akaenda kunywa chai. Nami nikatoa. Jioni taarifa ikaenda hewani, saluti na saluti, watu wakasema mmefanya kazi nzuri.

Ile klipu ingeweza kubaki. Ilikuwa kwenye mashine yangu, hakuna aliyeniambia niifute, aliniambia niitoe kwenye taarifa basi. Lakini mwezi ulipoisha nafasi kwenye diski ilikuwa imejaa, tukaambiwa tusafishe, nikapitia faili moja moja, nikafika kwenye ile. Nikaifungua nikaiangalia mpaka mwisho, sekunde zote 40. Alafu nikaifuta.